Mwaka wa Kwenda Mikono Mitupu

Ayikoru alinipigia simu mwezi uliopita kutoka Kampala, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa saluni hapa Gurei, mtaa wa Juba, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Mjomba wake Drani amefariki, alisema, na mazishi ni Alhamisi huko Koboko. Nikampa pole, nikasema maneno yote yanayosemwa. Kisha akauliza, "Sasa dada, tunaenda na nini?" Mtu mwingine angeuliza tunaondoka lini, au tunapanda basi gani. Yeye aliuliza tunaenda na nini. Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na msusi wangu, binti wa Kiganda mwenye subira, akashusha mikono akangoja nimalize yote mawili.

Ayikoru hakutoka tumboni mwa mama yangu, na ulipita mwaka mzima ambao hatukujua kama atakuwa wetu au la. Huo ndio mwaka ninaotaka kuusimulia. Habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na tulikimbia vita mara ngapi, naziacha. Kila mtu wa Juba anazo za kwake na zote zinafanana. Itoshe kusema kwamba tulikuwa tumerudi kutoka Uganda, nilikuwa na miaka kumi na tisa na bado niko shuleni kwa sababu ya miaka iliyopotelea njiani, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nilijiona nimeelimika. Niliwasahihisha watu wazima bila kuombwa, na mama, badala ya kunizaba kofi, alikuwa akiwaambia wageni kwa fahari, "Huyu Keji atakuwa wakili."

Mama alipata rafiki mmoja wa kweli katika miaka ya ukimbizi. Aliitwa Driciru, mwanamke wa Koboko, na alimpa mama kipande cha shamba alime bila kumdai hata debe la mtama. Driciru alifariki mwaka mmoja kabla hatujarudi, akaacha binti wa miaka mitano ambaye baba yake hakuna aliyemjua. Kabla hajakata roho alimshika mama mkono akamwambia, mtoto huyu ni wako. Kwa mama, mambo yaliishia hapo. Alidhani kazi iliyobaki ni kumpandisha mtoto kwenye gari. Walifika naye mpaka Kaya, mpakani, ofisa akataka karatasi za mtoto, na mtoto mwenyewe alipoulizwa mama yake ni nani alijibu vizuri kabisa, kwa adabu, "Mama ni Driciru. Amekufa." Wakarudishwa. Mama alimwacha Ayikoru kwa Drani, kaka wa marehemu, akaja Juba analia njia nzima, na tangu siku ile ikajulikana kwamba mtoto lazima aandikishwe mahakamani kule Uganda. Tulisema hivyo, kuandikisha mtoto. Neno kuasili nililisikia baadaye kwa wakili.

Lakini kabla ya wakili, wazazi wangu walifanya jambo ambalo kwetu hufanywa kabla ya mengine yote. Walikwenda Koboko na mbuzi majike wawili, jembe jipya, blanketi la bibi ya mtoto, na kilo tano za sukari ambazo nilizibeba mimi kichwani. Huwezi kwenda kuchukua mtoto wa watu mikono ikining'inia. Mtoto ana wajomba. Ukimchukua bila kutoa kitu umemwiba, na siku akiugua watu watatazamana. Drani alitupokea amesimama wima. Alikuwa askari zamani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila sentensi amri. "Mbuzi nimeona!" alisema. "Jembe nimeona! Sasa wewe ni dada yangu. Kaa chini!" Mama akakaa, Ayikoru akaja kukaa katikati ya miguu yake, na mke wa Drani akaleta muhogo na samaki mkavu. Nilikula nikiwaza kwamba mama yangu ni mtu anayejua kufanya mambo. Nilijivuna mpaka shingo ikaniuma.

Wakili tuliyempata Arua alitutajia gharama zake kwa simu. Kulikuwa na ada yake, vyeti vya daktari, barua za polisi, na ofisa wa ustawi wa watoto ambaye lazima aletwe Juba kuona tunaishi vipi, nauli yake juu yetu, chakula juu yetu. Baba aliweka simu chini, akaingia sebuleni, akaanza kuipima kwa hatua. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, kwani alikuwa fundi mwashi, na alikuwa na tabia ya kupiga ukuta kofi kila akipita, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. Wiki ile alikata sebule katikati kwa matofali ya udongo, akaikodisha kwa vijana wawili wa Uganda waliokuwa wakiuza spea za pikipiki. Mwezi uliofuata kikaenda chumba changu, akaingia Nalongo, mama wa mapacha kutoka Masaka, na cherehani yake. Kisha kikaenda chumba cha wazazi, kwa mfanyabiashara wa vitunguu aliyelala kwetu siku tatu kwa mwezi, ila vitunguu vyake vililala siku zote. Kilibaki chumba kidogo chenye dirisha la mashariki, ambacho mama alikiita cha Ayikoru kabla hata godoro halijanunuliwa. Hicho hakikuguswa, maana ofisa angekuja kukiona. Basi ikawa chumba kizuri kuliko vyote kinakaa kitupu kinamngoja mtoto, wapangaji wamejaa kwingine, na sisi wenye nyumba tunalala kwenye rakuba, kibanda cha nyasi cha uani kilichokuwa jiko letu.

Nikiulizwa leo niliishi wapi kwa furaha, nitasema pale, katika moshi ule. Sikujua wakati ule. Nilinung'unika kuhusu nywele zangu zilizonuka kuni, na kuhusu mvua ya mwezi wa tano iliyotulowesha sote watatu tukiwa tumejibanza chini ya plastiki. Lakini naikumbuka asida ya mama, ugali wetu, inapogeuzwa kwenye sahani, mvuke unatoka juu yake, na kudra, mboga ile ya majani inayoteleza, aliyoitia karanga siku pesa ikiwepo na chumvi tu siku isipokuwepo. Naikumbuka sahani ya Nalongo ikipita juu ya ukuta mfupi, "Mama Keji, onja hii matoke, mimi imepika mingi," na sahani ya mama ikirudi upande wa pili na kudra, kwa sababu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Baba alikula taratibu akisikiliza cherehani, na mama alikuwa akitaja siku zilizobaki. Kila kodi ilipolipwa alisema, "Hii ni miguu ya Ayikoru. Hii ni tumbo." Alikuwa anamleta kipande kipande.

Kuta alizojenga baba zilikuwa nyembamba, kwa kuwa alitaka kuokoa nafasi, na kwa hiyo mwaka ule nilisikia mazungumzo ya watu wengi. Vijana wa spea walikuwa na desturi ya kutujadili wakinywa chai.

"Hawa watu natafuta pesa ya nini?"

"Ya mtoto."

"Mtoto iko mgonjwa?"

"Hapana. Ya kuandika mtoto. Iko mtoto wa kwetu, wa upande ya Koboko."

"Eh! Hiyo kitu ni ya Wazungu. Musudani naye? Labda iko na pesa ameficha."

"Pesa gani, na yeye nalala kwa jikoni!"

Mama alisikia kama mimi. Alitabasamu, akasukuma kuni ndani. Jumapili moja kina mama wa kanisani walikuja na beseni lenye unga, sabuni na noti zilizokunjwa, na bibi mmoja asiyekuwa na kitu akaweka mayai kumi, akasema tuyauze wenyewe maana yeye miguu inamuuma. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto aliyeahidiwa na mama yake mwenyewe alipiwe wakili. Waliuliza tu kama wajomba wametendewa haki, na mama alipojibu kwamba wametendewa, wakaitikia wote pamoja kama kwenye sala.

Ofisa alikuja mvua zilipokuwa zinaisha. Tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye viatu vya kufunga kamba na daftari kubwa, na tulimkalisha katika chumba cha Ayikoru juu ya kiti cha Nalongo, kwa sababu vya kwetu tulikuwa tumeviuza. Alitazama dirisha, akatazama choo, akamuuliza baba maswali, akacheka alipoambiwa tunalala wapi. "Kwa hiyo mtoto atakuwa tajiri kuliko nyinyi," alisema, na mama akafurahi sana. Kuku akachinjwa. Mama alipotoka kuleta maji ya kunawa, Madam alinigeukia kwa wema tu, kama mtu anayejaza muda, akauliza kama nitampenda mdogo wangu, na kama watu wa kwao wamekubali kwa moyo mmoja.

"Wamekubali, Madam," nilisema. "Hatukumchukua hivi hivi. Sisi tulitoa."

"Mlitoa?"

"Tulitoa vizuri! Mbuzi mbili, majike. Jembe. Blanketi ya bibi. Na sukari kilo tano, nilibeba mimi."

"Nani alipokea?"

"Mjomba wake. Mbele ya watu. Hatudaiwi kitu."

Ningali nasikia sauti yangu ile. Madam aliweka paja la kuku kwenye sahani, akafuta vidole kimoja kimoja, akafungua daftari. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza. Aliandika muda mrefu, na mimi, mwerevu wa ukoo, nilidhani anaandika sifa zetu. Alishukuru kwa chakula ambacho hakukimaliza, akaondoka kabla ya saa aliyosema.

Nalongo alitoka na sindano bado iko mdomoni, akaitema. "Keji! Wewe mtoto! Unajua umesema nini? Kwa serikali hiyo inaitwa kuuza mtu. Umeambia yule mama kwamba mama yako amenunua mtoto!" Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na birika mkononi, maji yanadondoka miguuni kwake. "Lakini tulitoa kweli," alisema polepole. "Ulitaka Keji aseme uongo?" Kisha akaingia katika kile chumba kitupu, akafunga mlango. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Afadhali angenipiga. Nilifunga mdomo wangu mwenyewe, na kwa miezi mingi nikawa nasema ndiyo, hapana, na asante. Walimu walidhani nimekua.

Mahakamani kule Arua, mara ya kwanza, jaji alikuwa mtu wa makamo aliyezungumza Kiingereza kwa sauti ya chini, na mkalimani alisimama kati yetu. Alisoma daftari la Madam. Alisema haamini kwamba tuna nia mbaya, lakini sheria haijali nia peke yake, na mtoto habadilishwi kwa vitu. Akapendekeza njia rahisi: vitu virudishwe, kisha tuendelee. Wakili wetu alishusha pumzi kwa nafuu. Ila mama alitikisa kichwa. Kwetu vitu vilivyotolewa vikirudishwa ndiyo namna ya kuvunja. Hivyo ndivyo ndoa inavyokufa, hivyo ndivyo udugu unavyokufa. Unamwona mtu anaswaga mbuzi wako kurudi kwako na unajua huna tena wakwe. "Mwambie jaji," alimwambia mkalimani, "nikipokea hao mbuzi, mimi nimesema mtoto simtaki. Nitasemaje hapa kwamba namtaka, na kule kwao nimemkataa?" Drani naye hakungoja aulizwe. Alisimama akagonga mguu chini, akapiga saluti. "Mimi sirudishi! Dada harudishwi!"

Watu walicheka, jaji hakucheka. Alivua miwani akaisugua muda mrefu. Kisha akatoa amri ambayo mama aliiona ngumu kuliko gharama zote. Kesi inaahirishwa miezi sita. Katika miezi hiyo hakuna kitu kitakachotoka kwetu kwenda kwa watu wa mtoto, si sukari, si sabuni, si shilingi. Na kila mwezi mama atakwenda Koboko kumtembelea mtoto, na Madam atakuwa akipita bila kutoa taarifa. Alitaka kujua, alisema, mwanamke huyu ni nani kwao akiwa hana kitu mkononi.

Ukimjua mama yangu utaelewa ilikuwa adhabu gani. Huyu ni mtu ambaye hata akienda kuazima kijiko hubeba limau. Nalongo alisikitika kuliko wote. "Mkono mtupu haulambwi, Mama Keji," alisema. "Watakuona wewe mchoyo. Watasema amepewa mtoto, sasa anaringa." Vyumba vikaendelea kukodishwa kwa ajili ya nauli, rakuba ikaendelea kutulowesha, na mara ya kwanza nilikwenda naye mimi. Aliacha kikapu nyumbani. Alivua saa. Koboko tulipopita mbele ya duka la sukari miguu yake ilisimama yenyewe, na vidole vikaenda kwenye fundo la kitenge anakofunga pesa. Alibaki pale kidogo, wanunuzi wanampita, kisha akalegeza mkono akatembea. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi nimemfanyia haya, lakini alikuwa anajua.

Kwa Drani tulipokewa kwa viti. Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja kuona, kwa sababu kesi ilikuwa imeshakuwa hadithi ya kijiji. Ayikoru alikuja mbio, akafanya vile watoto wanavyofanya, "Mama Keji, umeniletea nini?" Mama akasema, "Leo sina kitu, mwanangu." Mtoto hakuamini. Alichukua mkono wa kulia akaukunjua kidole kwa kidole, akachukua wa kushoto akaukunjua hivyo hivyo, akatazama nyuma ya mgongo. Wanawake wakakohoa. Mama aliinamisha kichwa, jasho likawa linamtoka puani. Alitaka angalau atwange muhogo, na mke wa Drani, mwoga wa sheria kuliko wakili, akamnyang'anya mchi. "Hapana, dada! Hata kutwanga, Madam akikuta?" Basi akakaa kama mgeni asiye na haya, akala chakula cha watu, akasindikizwa mpaka barabarani. Alifanya hivyo mwezi baada ya mwezi. Mara ya tatu Ayikoru alimkagua mkono mmoja tu. Mara ya nne hakukagua, alimpandia mapajani akaendelea na mchezo wake wa vijiti. Mara ya tano, mke wa Drani alituambia, mtoto alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwezi una siku ngapi.

Nimeufikiria sana mwaka ule tangu simu ya saluni. Nilipokuwa kijana niliamini jaji alituonea, kisha nikapita miaka nikiamini ni mila zetu zilizotuponza. Siku hizi sina haraka ya kumlaumu mtu. Vita viliporudi Juba miaka ile ya baadaye, na tukakimbia na nguo tulizovaa, tulifikia kwa Drani, baba, mama, Ayikoru, mimi na mtoto wangu mchanga, na Nalongo na cherehani yake. Tulikaa karibu mwaka. Hakuna aliyetazama mikono yetu. Sijui kama ingekuwa hivyo bila mbuzi wale, na sijui kama ingekuwa hivyo bila ile miezi sita.

Siku ya kesi ya mwisho, jaji aliacha Kiingereza. Kumbe naye alikulia karibu na kambi ya jeshi, na Kiswahili alikuwa nacho. Alimwita Drani. "Katika miezi sita hii, huyu mama alikuletea nini?"

"Hakuna, bwana mkubwa!"

"Hata sabuni?"

"Hata sabuni! Alikuja mikono hivi." Akanyoosha viganja vyake viwili vyenye sugu, watu wote wakaviona.

"Na wewe ulimfanyia nini?"

Drani alishangaa swali. Sauti yake ilishuka, amri zikamwishia. "Si nilimpa chakula? Alikuwa amesafiri."

Jaji aliandika. Kisha akatazama benchi letu, akasoma jina langu kutoka kwenye daftari. Nikasimama. Aliuliza kama ni mimi niliyemwambia ofisa habari za mbuzi. Nikasema ndiyo. Aliuliza kwa nini. Wakili alikuwa ameniandalia jibu, refu na zuri, kuhusu utamaduni na kutojua sheria, na nilikuwa nimelikariri. Halikutoka. Nilisema, "Nilikuwa najivunia mama yangu." Nikakaa kabla sijaruhusiwa, nikaficha uso katika kitenge. Sikuona jaji alipotia sahihi. Nilisikia mhuri, na nikasikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Nje ya mahakama alimshika wakili mkono wa koti. "Kalas? Imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Mtoto ni wako."

"Hakuna mtu atakuja kuuliza tena? Yule Madam?"

"Hakuna."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi yala," akatuambia, na akaanza kutembea upesi mpaka mimi na Ayikoru tukawa tunakimbia nyuma yake. Nilidhani anawahi gari. Alikuwa anawahi soko. Alifungua fundo la kitenge akaanza kununua kama aliyefunguliwa jela: blanketi, sukari, chumvi, miche ya sabuni mpaka nikashindwa kuibeba, kitenge cha maua makubwa cha mke wa Drani, tumbaku ya bibi. Alipatana bei na wauzaji kwa ukali na kicheko, akarudisha sabuni moja kwa kuwa imepasuka, akachagua nyingine. Nilimwambia, "Mama, nauli." Hakunisikia, au alinisikia. Jioni ile kule Koboko alivipanga vyote juu ya mkeka, akapiga goti, na mke wa Drani akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nyumbani kwao. Drani alitazama vitu vile, akageukia ukuta, akasimama hivyo mpaka alipoweza kutugeukia tena.

Asubuhi ndipo tulipogundua kwamba hatuna hata nauli ya kufika Kaya. Mama alikung'uta kitenge chote, akapata sarafu mbili, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chake kamili tangu siku ya ofisa. Drani hakucheka. Alikwenda zizini, akatoa beberu mchanga, mtoto wa mmoja wa mbuzi wetu, akaondoka naye kuelekea mnadani. Alirudi peke yake, akamwekea mama noti mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Nauli ya dada yangu," alisema. "Maswali hakuna!"

Tulipata lori la mbao lililokuwa linakwenda mpaka Juba. Mama na Ayikoru walikaa juu ya magunia nyuma, mimi nilisimama nimeshika ubao, kwani nafasi ilikuwa ndogo na tangu siku ile ya kuku nilikuwa nimezoea kusimama pembeni. Tulipouacha mji nilipata ujasiri. Nikasema, "Mama, wakituuliza hii nauli imetoka wapi?"

Alinitazama. Kwa miezi yote ile alikuwa ananitazama kwa upole ambao uliniua, kama mtu anayetazama kidonda cha mtoto. Sasa alinitazama kama zamani, alipokuwa akiwaambia wageni habari za uwakili wangu.

"Waambie," alisema.

"Yote?"

"Yote. Waambie tulitoa, na wao wakatoa." Akavuta magunia kwa mguu, akamshika Ayikoru begani. "Na wewe, sogea huku, dada yako apate pa kukaa."